Meli Ulizomnyima Akoth

Baba Ouma,

Huko uliko hakuna kazi, kwa hivyo keti unisikilize.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa mlangoni kwetu Silanga, ukichonga mifano ya zile meli za moshi ulizokuwa ukizisafisha ujanani kule Kisumu? Zenyewe zilishakatwakatwa zikauzwa chuma chakavu. Ulibaki wewe na kisu chako, mbao za masanduku ya nyanya, bati la makopo na uzi wa fundi viatu. Bomba la moshi ulilikata ukalikata tena, ukaniuliza, "Mama Ouma, limeinama vizuri?" Mimi niko na sufuria mkononi. Nilipenda uliponiuliza.

Lakini Akoth wetu akisogea, ulimfukuza kama kuku. "Toka! Meli si kazi ya msichana. Nenda usaidie mama yako." Ukawaita wavulana, nao wakakimbilia mpira.

Basi sikia. Tulipokuzika, ndugu zako walikuja kugawana vitu vyako kama ilivyo desturi. Koti, kiti, redio, sawa. Wakabeba na meli zote, eti ni mali ya wanaume. Wakawapa watoto wachezee, watoto wakazipeleka bwawani. Mbao na gundi! Zililowa zikaachana kama mkate kwenye chai. Mimi niko kando napiga kelele, lakini nani anamsikiza mjane?

Sasa Akoth anashona viti vya sofa huko Gatina. Akimaliza kazi anaokota vipande vya mbao, anaziunda meli zako upya. Hana picha hata moja. Mimi nakaa hapo tunabishana.

"Ngazi ilikuwa upande huu."

"Hapana, Mama, ilikuwa nyuma. Niliiona nikichungulia."

Na ni kweli. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa nyuma ya pazia, Baba Ouma, anachungulia kama mwizi kwa baba yake mwenyewe.

Juzi ndugu yako Okelo alikuja, akaikuta meli ya kwanza imekamilika.

"Shemeji, hii ni ya marehemu. Nitaibeba."

"Okelo, maliza chai. Mlango ndio ule."

Alinuna, akasema navunja mila. Nimeshaona meli zikivunjika, mila nayo ijaribu kuvunjika.

Nakukumbuka, sikatai. Kitanda kimekuwa kikubwa. Lakini kwa hili bado niko na uchungu na wewe. Ukinijia ndotoni, usiniulize habari ya meli. Nenda kwa Akoth, upige hodi, umwite fundi.

Mimi mkeo,
nyanya wa watoto wa Akoth.