Komeo la Mlango wa Darini

Mdogo wangu,

Huku wazima, ila jirani kanunua meno ya bandia, sasa anacheka hata msibani.

Mwanao yuko kwangu na harudi kule. Mumewe, yule fundi umeme, juzi kapanda darini kwa jirani, maana dari zetu zimeungana, katambaa mpaka kwangu, kashukia jikoni kwa kile kimlango cha dari, ati kamfuata mke. Na jicho alilompiga bado limevimba!

Nikaenda dukani kutafuta komeo. Muuzaji kanipa kidude cha kabati. "Baba, nazuia mwanamume, si panya!" Nimechukua la chuma, nati zote ziko upande wetu wa chini, maana yule ana spana.

Mwanao kalifunga kwa mkono wake, ndipo akala akamaliza sahani.

Ukija, pita mlangoni kama watu.

Dada yako,
Redio