Matawi Yenye Kitambaa Chekundu

Nyakato, Mwanza
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kibarazani unaota jua, na mguu haukusumbui sana na upepo wa Makambako. Mama aliniambia umepata mkongojo mpya; je, mmeshazoeana au bado mnagombana? Mimi ni mzima, na lori la unga ninaloendesha halijanitesa tangu lilipofungwa klachi nyingine. Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Ukifika mwisho utaelewa, na nakuomba usiruke mistari, maana tabia yako naijua.

Unakumbuka niliponunua kagari kangu na kukueleza kwamba nimejiunga na wapenda magari wa hapa wanaoshindana kwa kujifurahisha. Ukasema, "Haya, kimbia. Ila siku ukikosea kwa uzembe wako, siyo kwa mvua wala kwa gari, unikabidhi funguo." Nilikubali harakaharaka, kama mtoto anayeahidi kuosha vyombo.

Basi Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuwa na mbio fupi kwenye barabara ya vumbi upande wa Usagara. Magari hayafukuzani. Kila mmoja anaondoka peke yake, anapimwa muda, anakwenda mara mbili na muda wake unajumlishwa. Asubuhi jua lilikuwa kali, barabara imekauka, na mimi nikawa wa kwanza. Mimi, Baba, mwanamke pekee pale. Ungewaona wanaume wanavyochungulia matairi yangu.

Wakati wa kurudi pale pa kuanzia, gari likazimika kwenye kona ya majaruba ya mpunga. Nilikuwa na Masanja, jirani yangu mwenye gereji. Kabla ya kufungua boneti nikakata matawi, nikayapanga barabarani kila upande wa kona, anayekuja ajue kuna gari limekwama mbele. Tawi la mwanzo nikalifunga kitambaa chekundu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe ulipoendesha malori. Masanja alicheka sana, akasema hajawahi kuona majani yakivalishwa skafu. Kumbe ni waya tu ulikuwa umelegea. Tulipomaliza, wingu jeusi lilikuwa limeshafunga upande wa Busisi, tukaondoka mbio kuwahi kubadilisha matairi.

Mvua ya huku inapenda utani. Ilipiga, ikaacha, jua likatoka, tukarudisha matairi ya mwanzo, ikapiga tena. Tulikaa saa mbili tukifunga na kufungua nati mpaka mikono ikafa ganzi. Yalipobaki manyunyu wakasema tuanze, na namba yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kuondoka.

Tope lilikuwa linateleza lakini nililiweza, kwa kweli nilikuwa naendesha vizuri. Halafu kabla ya kona nikaona matawi. Sikufikiri chochote, mguu ulikanyaga breki wenyewe. Nilikuona wewe jioni ile ya ukungu, na lile lori lililoachwa barabarani bila hata jani moja la kukuonya, likakuachia mguu huo. Nikapita kona nikitambaa, macho yakitafuta gari, ng'ombe, mtu. Hapakuwa na kitu. Nilifika mwisho ushindi umeshaondoka, na nilikuwa nimekasirika. Kabla sijamaliza kuwaeleza wenzangu nilichokiona, aliyenifuata alikuwa njiani tayari. Ni mwalimu wa sekondari, anaitwa Deo. Yeye aliyakwepa matawi ghafla, gari likateleza mpaka ndani ya jaruba.

Tulikwenda mbio. Deo alitoka mzima, lakini mpunga uliopandikizwa juzi ulikuwa umelala kwenye tope. Mwenye jaruba, mama mtu mzima, alikuwa amesimama pembeni na jembe lake. Wasimamizi wakaanza kumfokea, eti wanakijiji ndio walioweka majani ili kutukomoa. Mama wa watu anakana, hakuna anayemsikiliza. Hapo ndipo nilipokiona kitambaa chekundu, kimefunikwa na tope. Masanja naye alikiona, tukatazamana. Mimi nilidhani ameyatoa yeye, yeye alidhani nimeyatoa mimi.

Lakini aliyeweka ndiye anayetoa. Nimelisikia hilo tangu sijui kufunga viatu. Ulikuwa unasimamisha lori lenye shehena ushuke kuondoa matawi ya watu wengine, ukisema yakiachwa ovyo, siku ya hatari ya kweli hakuna atakayeyaamini.

Na nilinyamaza, Baba. Hili nataka ulijue kuliko mengine yote. Watu walikuwa wananipa pole kwa kunyimwa ushindi, na mimi nilizipokea pole zao huku yule mama akijieleza mara ya pili na ya tatu. Aibu ile bado iko kifuani. Mwishowe nikasema, "Matawi hayo ni yangu."

Mama yule alinigeukia. Hakupandisha sauti. "Sasa mwanangu," akasema, "mbona umeniacha mpaka wamenimaliza?"

Nikamwomba radhi, nikamwahidi kurudi kuupandikiza mpunga wake.

Jana mimi na Masanja tulishinda kwake, tukaziba kingo za jaruba na kupandikiza upya. Mistari yangu ilikwenda upogo, akaicheka, akanipa viazi na maziwa ya mgando. Deo amenisamehe. Masanja anasema kosa tugawane nusu kwa nusu, na wengine wanaisingizia mvua, kwa sababu mwangalizi wa kona ile alikuwa amekimbia kujikinga. Mbele yao naweza kukubali. Kwako siwezi.

Mwambie Mama ulezi umefika na uji wake naunywa kila asubuhi. Msalimie mdogo wangu Elia, umwambie aache kuendesha baiskeli isiyo na breki, na shangazi Tabitha wa dukani, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii kama miwani imepotea tena. Shangazi, shikamoo.

Sasa fungua kile kifurushi kidogo kilichomo ndani ya bahasha. Kitambaa ni kilekile. Nimekifua mara mbili, tope halikutoka lote. Ndani yake ni funguo za gari langu, na sina nyingine za akiba. Mbio hizi nazipenda, Baba, sitakudanganya kwamba lolote utakaloamua ni sawa kwangu. Ukiona niache, zitundike kwenye msumari wako wa ukutani. Ukiona niendelee, zirudishe, na tafadhali uzifunge kwenye kitambaa hichohicho.

Binti yako,
Rehema