Kikombe cha Deng

Jumamosi, Lodwar

Walinipigia makofi, na bado chakula kimenishinda.

Leo kwenye maonyesho ya mashabiki wa MMA, ile ngumi na mieleka pamoja, tulibishana kama ni sawa mpiganaji kujikausha maji mwilini ili apunguze uzito. Mimi kocha nilitetea. Nidhamu tu, nikasema. Ukumbi ukashangilia.

Mama mmoja wa kijiji cha Lopur aliyekuwa akiuza chai mlangoni akanisalimu kwa Kiturkana, kisha akaniuliza, "Ejok, kocha. Huku kwetu mtu akikauka hivi tunaita njaa. Nyinyi mnaita mchezo?"

Nikamjibu kwa mzaha. Naona haya hata kuuandika hapa.

Akamjazia Deng kikombe cha maji. Deng ni mpiganaji wangu kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anapimwa uzito kesho asubuhi, na midomo yake imepasuka. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha akaniangalia.

Nikatikisa kichwa.

Akamrudishia mama kikombe kikiwa kimejaa vilevile. "Shukran, mama. Mimi sina kiu."

Na mimi nimesimama pale, chupa ya maji mkononi, nusu nimeshakunywa.