Mama Mkwe Alitoka wa Kwanza kwa Samaki Wadogo

Masenge Carmen, wewe ambaye mtaa wetu wote wa Bwiza unakuita shangazi, hata wale wenye mashangazi wao nyumbani, nakuomba unisikilize mpaka mwisho na usicheke kabla hujamaliza, maana dada yangu nilimsomea barua hii akacheka mpaka akakaa chini, na mimi usingizi sina.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, mwaka wa nane, katika shule moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja, nina wanafunzi arobaini na wawili, na muhula huu somo letu lilikuwa jinsi binadamu anavyoharibu makazi ya viumbe wengine na jinsi ya kuyatunza, na nilipoandika ubaoni neno "ekosistemu" darasa zima lilipiga miayo, basi nikasema potelea mbali ubao, nikawauliza nani hapa hali mukeke, hakuna mkono uliopanda, nikawaambia haya, samaki huyo wa ziwa letu akivuliwa kabla hajataga hata mara moja, kesho tutakula nini, wakanyamaza, Masenge, arobaini na wawili wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Nikaona nimepatia. Nikachukua rangi yangu nyekundu ya kucha nikachora mstari kwenye rula ya kila mmoja, nikawaambia mukeke asiyefika kwenye mstari bado ni mtoto, ndiye yule tunayemwita nyamunyamu, nendeni sokoni mpime samaki kumi na wawili kwa kila muuzaji, mwandike mnachokiona. Sikuwaambia waandike majina ya wauzaji, lakini pia sikuwakataza, na kuna msichana mmoja anaitwa Candide, mtoto ambaye kaye yake, daftari lake la shule, haina hata kona moja iliyokunjika, huyo aliandika majina yote, akayapanga kuanzia mwenye samaki watoto wengi mpaka mwenye wachache, akayanakili kwa kalamu nene kwenye katoni kubwa la biskuti, nami nilikuwa nimezama kwenye kusahihisha mitihani, nikatazama mara moja nikaona mwandiko unapendeza, nikabandika ukutani, jina la juu sikulisoma. Wallahi sikulisoma.

Sasa wiki iliyopita ilikuwa siku ya kutangaza matokeo, wazazi wamejaa uani, na unajua siku hiyo ilivyo kwetu, direkta, mkuu wetu wa shule, anaita wa kwanza, na mama wa huyo mtoto anapiga vigelegele na kucheza mpaka mbele. Madarasa yote yalipokwisha kuitwa direkta akasema mwaka wa nane wana utafiti wa kuonyesha, Candide akainuka na katoni lake, akasoma kwa sauti ileile ya direkta, "Wa kwanza, Mama Hamimu."

Mama Hamimu anauza samaki, na alikuwepo kwa sababu mjukuu wake Nella anasoma kwetu, na Hamimu mwenyewe ni mwanawe wa mwisho, fundi wa pikipiki, na ndiye mchumba wangu. Yule mama alisikia wa kwanza, Masenge, na wa kwanza ni wa kwanza, akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akajipigia vigelegele mwenyewe, wenzake wa sokoni wakamsindikiza kwa makofi, akacheza mpaka mbele, akasimama mikono wazi akingojea zawadi. Candide akageuza katoni kidogo ili apate mwanga, akaendelea, "Samaki kumi na wawili, watoto kumi na mmoja."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniua. Alirudi kwenye kiti chake polepole, na wenzake wakatazama miguu yao.

Mahari ilikuwa iletwe kwetu Jumamosi ya wiki ijayo, na jana Hamimu amekuja na ujumbe wa mama yake, nauandika kama alivyousema: "Apana, mi siji. Aniite muuaji wa watoto mbele ya watu, halafu nimupelekee mahari? Achane ile katoni mbele ya wanafunzi wake, aseme walikosea kupima, ndiyo nitakuja." Hamimu ananiambia, "Amira, ni katoni tu, chana tuoane." Direkta naye anasema nichane, apate amani na wazazi. Na Candide, sijui nani alimwambia, amenifuata mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli utasema tulipima vibaya? Mi nilipima kila mumoja mara mbili."

Na kuna jambo jingine, nalisema kwa kuwa hunioni uso. Kila Jumapili nakula kwa Mama Hamimu, ananikaangia nyamunyamu kwa ndimu na pilipili, saba kwenye sahani, na nawala mpaka vichwa. Hata Jumapili ile baada ya somo nilikula. Nampenda Hamimu, nampenda mama yake, na watoto wale sitaki kuwadanganya, na siku zinakimbia. Nifanye nini?

Amira, Bwiza


Amira mwanangu,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke na nilijikaza, lakini pale aliposimama mikono wazi nimeshindwa, Mungu anisamehe na Mama Hamimu anisamehe. Nimekwisha kufuta macho, sasa tuongee.

Kwanza pole. Na hongera pia, kwa sababu mwalimu anayenyamazisha watoto arobaini na wawili kwa samaki badala ya fimbo ni mwalimu kweli. Sifa zimeishia hapo.

Ulikwenda kuwafundisha jinsi binadamu anavyolimaliza ziwa, na mwisho wa somo binadamu huyo amegeuka kuwa mama mkwe wako peke yake. Mama Hamimu hakushona wavu. Hapangi mtumbwi uvue nini. Anaamka alfajiri, anafika ufukweni, ananunua kilichotoka majini, anabeba beseni kichwani. Mwenye wavu wa matundu madogo yuko wapi kwenye katoni lenu? Na yule mteja anayesimama mbele ya beseni na kusema nipe wale wadogo, ndio wanaokauka vizuri kwenye mafuta, yuko wapi? Huyo mteja namjua. Anakula saba kila Jumapili, na vichwa. Nyani haoni kundule, binti yangu, na wewe hukuona sahani yako.

Ungeniandikia kabla ya siku ya matokeo ningekuambia usome jina la juu. Mwalimu anayebandika kitu ukutani bila kukisoma asiwakaripie wanafunzi wasiosoma swali.

Lakini katoni usilichane, na usiseme walikosea. Candide alipima mara mbili. Ukimwambia alikosea, ama atakuamini wewe na hataiamini rula tena, ama ataiamini rula na hatakuamini wewe tena. Na Hamimu anayesema ni katoni tu, muulize: akimrudishia mteja pikipiki yenye breki mbovu, akamwambia ni breki tu, gereji yake itafika mwezi wa pili?

Sasa fanya hivi. Alhamisi baada ya Alasiri, akiwa ameshauza beseni lake, nenda kwa Mama Hamimu peke yako. Hamimu abaki gereji, hana kazi pale. Beba sukari kilo mbili na kitenge, tena kizuri, usimchagulie kile ambacho wewe usingekivaa. Akikupa kiti, kaa kwenye mkeka. Mwambie: "Mama, jina lako nililiacha ukutani bila kulisoma, nikakuaibisha mbele ya wenzako. Nisamehe." Halafu funga mdomo. Usiseme "lakini". Usimweleze habari za mayai ya samaki. Akikugombeza, sikiliza. Dakika kumi ni haki yake, mpe ishirini.

Akishatulia, muulize tu alipoanza kuuza, miaka ile akiwa msichana, mukeke mmoja alilisha watu wangapi nyumbani kwao. Tazama mikono yake itakavyopanuka kuonyesha urefu. Kisha mwombe, kwa adabu, aje siku moja darasani kuwaonyesha watoto hivyohivyo. Huyo ameliona ziwa na beseni kwa miaka na miaka, wewe una kitabu cha muhula mmoja. Asipotaka kuja, usimvute.

Ijumaa uwe darasani. Waambie wanafunzi wako kwamba vipimo vyao ni sahihi na kosa ni lako, la kuacha majina ya watu yasomwe hadharani. Bandikeni karatasi juu ya majina yote, namba ziacheni kama zilivyo. Direkta aje aone mwenyewe hakuna tena jina la mzazi, amani yake anayoitafuta iko hapo. Kisha ongezeni safu mbili: wenye nyavu, bila majina, na walaji, kwa majina ya wenye kujitaja wenyewe. Aanze mwalimu. Andika kwa mkono wako: Amira, saba kila Jumapili. Watashtuka. Waache washtuke, halafu wape chaki na wao, kila mtoto aandike idadi yake. Utaona somo lako la mazingira litakavyochangamka wakigundua kwamba mharibifu ana sahani nyumbani kwao.

Wa pili niandike mimi, Carmen wa mtaa wa Gihosha, tisa, kwenye harusi ya jirani Jumamosi iliyopita, na niliomba kuongezwa. Naona haya, ila andika.

Na Jumapili, kabla mafuta hayajawekwa motoni, mwambie mwenyeji wako: "Mama, leo tununue mmoja mkubwa tugawane." Ukipewa mkia, kula mkia na unyamaze.

Najua unachokiogopa. Unaogopa utafanya yote haya na bado atasema haji. Inawezekana. Mwanamke aliyeaibika mbele ya wenzake hatibiwi kwa sukari kilo mbili. Basi Jumamosi ile ipite, msilazimishe, rudi Alhamisi nyingine, na nyingine tena, na katoni libaki ukutani. Ziwa lenyewe siku hizi tunalifunga miezi mitatu ili samaki wakue, na sisi watu wa mji huu, tunaompenda mukeke kuliko baadhi ya ndugu zetu, tunavumilia. Hamimu naye avumilie. Na kama kukungoja miezi mitatu kunamshinda, mshukuru Mungu umejua sasa, kabla mahari haijaliwa.

Masenge Carmen