Picha ya Tajiri Asiyesema

Jumatatu, 2 Juni 1958
Nimefua tangu asubuhi. Maji ya bomba baridi kama barafu. Tabitha anaota jino, hataki kuwekwa chini, nimefua naye mgongoni. Zakaria ameenda stesheni kuulizia picha ya sinema ya Jumamosi.

Nilipita mbele ya nyumba ya Baba nikitoka sokoni. Alikuwa dirishani. Aliniona. Nikaendelea na safari yangu. Mtaa mzima wa Bondeni hakuna nyumba ya mawe kama ile, na ndani yuko peke yake. Tangu niolewe hajawahi kuniita. Alisema Zakaria hana shamba hata la kuzikia paka, na kazi ya kuzungusha picha si kazi. Mjukuu wake hajamgusa.

Simwonei huruma.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa leo. Watu walijaa holi wakingoja picha ya farasi na bunduki. Madirisha yamezibwa kwa magunia, watoto wanapiga miluzi. Zakaria akawasha mashine. Hakuna farasi. Masanduku ya picha yalibadilishwa stesheni. Farasi wetu wako klabu ya Wazungu, sisi tumeletewa yao.

Ni picha ya tajiri mmoja katika jumba kubwa. Kila kitu cheupe. Meza ndefu hadi mwisho wake hauonekani, na yeye anakula peke yake. Watumishi wamesimama kama miti. Hakuna anayesema. Anatembea chumba hadi chumba akifunga madirisha. Basi, ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho.

Wengine walirusha maganda ya njugu. Wengine wakatoka wakitukana. Lakini wengine walinyamaza kabisa, na mzee mmoja wa reli alilia waziwazi. Mama Rosa, jirani yangu, alisimama juu ya benchi: "Mtu ana kuku mzima mezani halafu ananuna? Si anipe mimi!"

Nilicheka mpaka Tabitha akaamka.

Zakaria ameipenda. Anasema ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kuonyesha. Nikamwambia yule tajiri alijifungia mwenyewe, akome. Tumekula bila kuongea.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani hakuna aliyesikiliza mahubiri. Nje watu wamegawanyika kama siku ya uchaguzi wa wazee wa kanisa. Hawa wanasema ni upuuzi wa Wazungu walioshiba. Wale wanasema walimwona mtu wanayemjua. Hawakutaja jina. Walinitazama mimi.

Nimekasirika.

Jumatano, 11 Juni
Klabu wamewapenda farasi wetu, hawana haraka ya kuwarudisha. Kwa hiyo Jumamosi ni tajiri tena. Zakaria alidhani watu watagoma. Kumbe wanaulizana nani atakuja mapema ashike kiti. Hata waliotukana.

Jumamosi, 14 Juni
Baba alikuja. Koti jeusi, kofia, fimbo. Alikaa benchi la mbele, na watu wakasogea wakamwachia nafasi pande zote mbili. Hakuna aliyemkaribia. Mimi nilikuwa karibu na mlango na mtoto.

Alitulia mpaka pale tajiri anapoketi mezani. Akasimama. Mwanga wa mashine ukampiga mgongoni, kivuli chake kikaangukia kitambaa cha kuonyeshea picha, kikamfunika yule tajiri kabisa.

"Nani amewaambia habari zangu?" akauliza.

Watu wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Mzee, kaa chini, tuone!" Zakaria akazima mashine. Baba akatoka katikati ya vicheko, anagonga mabenchi kwa sababu ya giza. Mlangoni alikutana na mimi uso kwa uso. Akamtazama Tabitha. Midomo ikacheza. Akaenda.

Nilikuwa nimengojea siku ya kumwona ameaibika. Imefika, na haina utamu wowote.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Zakaria anasema niende kwa Baba. Nikasema yeye ndiye aliyefunga mlango, na aufungue yeye.

"Kwenye ile picha," Zakaria akasema, "hakuna hata mtu mmoja aliyebisha hodi."

Nimemwambia asiniletee mambo ya picha jikoni kwangu. Nimelia nikimenya viazi.

Jumanne, 17 Juni
Mashine ya Baba ya kusaga mahindi haijanguruma tangu jana. Akina mama wanarudi na mahindi yao vichwani. Mlinzi wake anasema mzee hatoki, hali, na akiitwa haitiki. Nilimfunga Tabitha mgongoni nikaenda kabla moyo haujabadilika.

Nikabisha. Kimya. Nikabisha kwa ngumi.

"Nani?"

"Naomi."

"Naomi gani?"

"Naomi wa marehemu mama. Fungua, Baba."

Alichelewa sana. Kisha komeo likalia. Amejifunika blanketi, anatetemeka kwa homa, ndevu hazijanyolewa. Sijawahi kumwona mdogo hivyo. Nilimrudisha kitandani. Nikawasha moto, nikapika uji, nikampa na vidonge vya homa alivyoleta mlinzi. Alikunywa macho yakiwa kwa mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Tabitha."

Jina la mama. Aligeukia ukutani. Mabega yakatikisika. Nikamwekea mkono mgongoni, nikauacha hapo.

Baadaye akasema, "Ile picha ni ya uongo. Yule tajiri ni mpumbavu. Angeajiri hata mtu wa kupiga naye soga."

Alhamisi, 19 Juni
Homa imeshuka. Zakaria amekuja nami. Niliogopa kuliko siku ya harusi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Shikamoo, Mzee." Baba akaitikia. Akamwacha amesimama. Halafu:

"Mwisho wake ulikuwaje? Mimi niliondoka."

"Anafunga dirisha la mwisho, Mzee. Kitambaa kinabaki cheupe."

"Basi?"

"Basi."

"Na wewe ukaipenda hiyo?"

"Sana."

Baba akamtazama kama mtu anayepima gunia. "Kaa," akasema. Wamebishana juu ya ile picha mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeshinda. Mimi bado siipendi.

Jumapili, 22 Juni
Baada ya kanisa tulikula kwa Baba. Kuku, ugali, sukumawiki. Hakuomba msamaha. Mimi pia sikuomba. Zakaria alilala kwenye kiti. Upepo baridi unatoka ziwani.

Baba amekaa barazani, Tabitha amelala kifuani pake, mate yanamwagika kwenye koti jeusi. Alisema mtoto huyu mzito.

"Nipe nimlaze ndani," nikasema.

Hakunipa.