Hina ya Fungate

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Chumbageni hatujambo. Shangazi yako anashona mapazia ya harusi yako, na babu yako kila siku anauliza lini utafika kutoka Mwanza.

Umeniuliza kama ni lazima ukae ndani siku zote saba za fungate. Mimi siku ya nne nilitoka. Tulipanda basi alfajiri, mimi na babu yako, tukavuka mpaka hadi Mombasa. Tuliizunguka ngome, tukapita vichochoro vya Mji wa Kale tumeshikana mikono. Mama mmoja muuza mahamri akaiona hina iliyokolea mikononi mwangu, akapaza sauti: "Bi harusi, fungate hii wafanyani nje?"

Watu wakageuka. Babu yako akaninong'oneza niifiche mikono ndani ya buibui. Nikaitoa yote miwili. "Natembea na mume wangu," nikamwambia. "Nipe mahamri manne."

Somo aliyenifunda alininunia mwaka mzima. Mahamri yale babu yako anayasimulia mpaka leo.

Amueni wenyewe, wewe na mwenzio. Ila ukitoka, usifiche mikono.

Ni mimi bibi yako,
Mwanamkuu