Shemeji Saandi, Uliyeziba Foleni ya Barua

Kwako Saandi, kaka wa mke wangu, mtu wa Mutsamudu usiyesikia la mtu,

Nakuandikia kwa kalamu. Kompyuta iko pale mezani, nimeifunika kitambaa ambacho dada yako alikikusudia kanzu, na sitaki hata kuitazama. Ungekuwapo ungecheka mpaka ukohoe. Mzee wa Magoudjou, fundi cherehani aliyeacha shule kabla hajajua kugawanya, ameingia ugomvini na sanduku la plastiki, na sanduku limeshinda.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyopatana tangu Unguja, tulipokuwa vijana tukishona suruali katika duka moja. Sababu unaikumbuka. Ulisema Kingazidja changu cha Moroni kinasikika kama mtu anayegombana na mbuzi. Nami nikasema Kindzuani chako cha Mutsamudu kinasikika kama huyo mbuzi akijibu. Tukaona afadhali Kiswahili, kisicho changu wala chako. Wakubwa walipoanza kugawana visiwa vyetu vya Komoro, nilikuwa najiambia kwamba walau pana mahali pamoja ambapo mimi na wewe hatujajitenga. Halafu ukanifanyia hivi.

Ukaidi wako nilianza kuujua siku ya harusi yangu. Nilileta kitanda cha mbao ngumu, chenye nakshi kichwani, na wala sikupima kitu, maana nilikuwa bwana harusi na bwana harusi hapimi. Tukaingia nacho kwenye vichochoro vya mji wenu wa mawe, chini ya ngome, kule ambako wanene wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Kona ya pili kitanda kikakwama. Hakiendi mbele, hakirudi. Nyuma yetu wakajazana wenye ndoo za maji, bibi mmoja na kapu lake la samaki, na mwadhini anayechelewa Alasiri. Wote wakasema tukate miguu ya kitanda. Wewe ukapanda juu yake, ukakaa, ukakunja miguu kama sultani.

"Kitanda cha dada yangu hakikatwi," ukasema. "Mwenye haraka azunguke."

Wakazunguka. Mwadhini alipitia juu ya mapaa. Mimi nilitamani kukunyonga, na Fauzia, aliyekuwa akituchungulia dirishani, anasema mpaka leo kwamba siku ile ndipo alipojua ana kaka. Mume alikuja kumjua baadaye.

Hukunisamehe nilipomleta Moroni. Kwenu na kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ni mgeni anayekuja na begi lake, na mimi nikamtoa dada yako katika nyumba aliyopewa na mama yake kwa sababu kazi yangu ya kushona ilikuwa huku. Bandarini hukunipa mkono. Ulinipa onyo: binti yangu atakapoolewa, wewe ndiwe mjomba, na asipopata nyumba yake mwenyewe, isiyohamishika, hutatoa kauli. Nami nilijua, na Fauzia alijua zaidi, kwamba mtoto haozwi mjomba akiwa hajasema neno. Baba anafunga ndoa, sawa. Lakini mjomba ndiye anayeambiwa wa kwanza, kabla ya shangazi, kabla ya jirani, kabla ya paka wa nyumbani.

Basi Ndzuani, kisiwa chenu, ikajitenga. Meli ikasimama, simu za kwenda kwenu zikakatwa, na redio zikaanza kutukanana. Sisi huku ndani tukawa na kisiwa chenu na kisiwa chetu katika chumba kimoja, na vyote viwili vinagombania mto wa kulalia. Nacheka, lakini si kicheko. Hapa mtaani Magoudjou, watu waliokula wali wa dada yako miaka yote wakaanza kumwangalia kwa jicho la upande. Lafudhi yake ikawa kosa. Fauzia, unayemjua, mwanamke ambaye hata Mungu hampi zamu ya kusema akianza, akawa ananunua mkate kwa kuonyesha kidole. Anarudi nyumbani, anaweka mkate, ndipo anaanza kuongea. Anaongea mpaka jioni. Nami namwacha.

Katikati ya hayo akaja mchumba. Kijana wa Itsandra, mpole kupita kiasi, ana kazi Reunion kwa Wafaransa, amekuja likizo. Rukia, binti yetu, anamtaka. Mama yake anamtaka. Mimi namtaka kwa sababu anacheka nikimtania. Likizo yake ilikuwa inakwisha, na bila ndoa asingeweza kuanza kufuatilia karatasi za mkewe. Akiondoka hivihivi, nani ajue bahari itafungwa tena lini? Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa neno moja kutoka kinywani mwako.

Ndipo ikatokea kompyuta. Mpwa wangu wa Marseille alituletea, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. Ina programu moja ya barua pepe na kalenda, vyote pamoja, kwa Kifaransa. Rukia, ambaye kazini kwake anaijua, akaiunga na waya wa simu. Akasema kule Mutsamudu yuko rafiki yako mfanyabiashara mwenye chombo cha setilaiti, unaweza kusomewa barua dukani kwake. Nilimbusu mtoto kichwani. Nikadhani mambo yamekwisha.

Barua yako tuliitunga pamoja. Mimi nilianza na matusi yetu ya kawaida ili ujue kweli ni mimi. Fauzia akaamuru Rukia ayafute, aweke salamu. Kisha akaleta picha. Picha ya mchumba amesimama, amekaa, amesimama tena. Halafu nyumba ya Rukia, ile niliyoijenga polepole nyuma ya kwetu: sebule, chumba, jiko, choo, mlango kwa nje na mlango kwa ndani. Ilikuwa jibu kwa onyo lako la bandarini, chumba kwa chumba. Rukia akazipitisha zote kwenye skana aliyoiazima kazini, mashine ya kuingiza picha kompyutani, akazibandika, akabonyeza. Nyuma yako wakapanga foleni wengine wote wa kuandikiwa: shangazi wa Maore, mpwa wa Marseille, ndugu wa Dar es Salaam.

Haikwenda.

Kikatokea kidirisha cha kosa, na namba ndefu. Tukabonyeza tena. Programu ikataka neno la siri. Tukaipa. Ikalitaka tena, kama karani aliyelala huku umesimama mbele yake. Kisha kile kimstari cha buluu kikaanza kutambaa, kikafika karibu na katikati, umeme ukakatika. Unaujua umeme wa Moroni. Ukirudi, kimstari kinaanza mwanzo, hakikumbuki kilipokuwa. Siku umeme unapokaa, simu inakatika. Siku vyote viwili vinapokaa, kidirisha kinakuja chenyewe, nadhani kwa mazoea. Nilizima, nikawasha. Nilipuliza vumbi. Nilisoma Yasini, nikailaani, nikaona aibu, nikasoma tena.

Kalenda nayo haikutaka kubaki nyuma. Rukia alikuwa ameandika harusi siku ya Ijumaa. Tukagundua saa ya mashine bado ni ya Ufaransa, tukairekebisha iwe ya huku, na harusi ikatanuka yenyewe, ikakalia Ijumaa na Jumamosi. Tukairudisha, ikatanuka tena. Fauzia alisema pengine mashine inajua desturi, harusi gani ya Komoro inaisha siku moja?

Tukamwita fundi Maulida, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni na hajawahi kuonekana akiandika. Alikaa, akabonyeza, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kulipwa kwanza. Akasema barua ya mbele ina picha nzito, waya wetu mwembamba, haitafika kamwe. Na kwa kuwa ndiyo iko mbele, zilizo nyuma hazipiti. Aitoe, au apunguze picha, mambo yaende.

Fauzia alikuwa mlangoni. Akauliza ya mbele ni ya nani. Maulida akasoma jina lako.

"Huyo hatolewi," akasema. "Huyo ni kaka yangu. Hakuna atakayeambiwa kabla yake."

"Mama, kompyuta haimjui mjomba," Rukia akasema.

"Basi ifundishwe."

Maulida akanigeukia mimi. Nikatazama dari. Ningefanyaje, shemeji? Ulikuwa umekaa tena juu ya kitanda, umekunja miguu, na nyuma yako shangazi, mpwa na ndugu wa Dar wote wamesimama na ndoo zao. Kuhusu kupunguza picha, dada yako aliuliza tupunguze kipi, choo au jiko? Maana ukikosa kuona choo utasema mtoto anatupwa porini. Hapo nilimuunga mkono. Ungesema hivyo hivyo.

Basi tukakaa. Kila asubuhi Rukia anabonyeza kabla ya kwenda kazini, kidirisha kinakuja, anafunga, anaondoka bila kunywa chai. Mchumba alikuja mara moja akiwa na mama yake. Yule mama alisema kwa adabu, na adabu ya watu wa Itsandra inakata kuliko wembe, kwamba ikiwa mjomba hajawataka, wao si watu wa kujibandika. Rukia alikuwa jikoni. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka, na hakuna aliyekiokota.

Jioni ile Fauzia alikwenda akakaa mbele ya kompyuta. Hajui hata pa kuiwashia. Alikaa akaitazama kama mtu anayetazama mlango wa hospitali. Kesho yake akaniambia nimwite Maulida. Alipofika, dada yako alisimama nyuma ya kiti chake, mkono mdomoni, akasema polepole, kwa Kindzuani chenu kile, madirisha yakiwa wazi na jirani wakisikia:

"Mtoe kaka yangu."

Maulida akabonyeza. Ukatoka. Barua nyingine zikapita mara moja, fyu fyu fyu, kama kuku waliofunguliwa banda. Na kumbe lile jambo ambalo hakuna aliyetuambia, hata huyo mwenye kalamu mbili, ni kwamba ile programu haipokei mpaka imalize kutuma. Muda wote ule tulipokuwa tumekuweka mbele kwa heshima, tulikuwa tumeziba mlango wa kuingilia. Barua zikaanza kumiminika. Matangazo, salamu za Marseille, matangazo. Kisha tatu kutoka dukani kwa rafiki yako.

Rukia akasoma ya kwanza. Ilikuwa yako. Ulisema habari zimekufikia kwa watu waliovuka kupitia Maore kwa Wafaransa, na kwamba umengoja uambiwe na sisi ukaona kimya, ukasema Wangazidja ni wale wale. Halafu ukasema: "Muozesheni Rukia. Msinisubiri, kifua kinanisumbua. Nyumba iwe yake, na huyo mzee mnyang'anyi asimhamishe."

Ya pili ilikuwa ya rafiki yako. Anauliza mbona hatujibu, kwamba kila ukitoka msikitini unapita dukani kuuliza.

Ya tatu Rukia hakuisoma kwa sauti. Alimpa mama yake kiti.

Wamekuzika juu, upande wa ngome, ndivyo ilivyosema. Watu walikuwa wengi. Hakuna hata mmoja wetu.

Sasa nakuuliza, na unijibu huko uliko: nimkasirikie nani? Nimeanza na mpwa wa Marseille kwa kutuletea shetani ndani ya blanketi. Nikamkasirikia Maulida. Nikawakasirikia wakubwa wa pande zote, wale wenye bendera mpya na wale wenye bendera ya zamani, maana meli ingekuwapo ningepanda hata na bawasiri yangu, nikakuletea picha mkononi, na ungekuwa umeshalalamika kuhusu choo. Fauzia siwezi kumkasirikia. Yeye haulizi kwa nini. Anauliza tu kama ulidhani tumekusahau, na mimi namwambia hapana, alidhani sisi ni Wangazidja, ni tofauti. Anacheka kidogo. Halafu hacheki.

Nimebaki na wewe. Nakukasirikia wewe. Mtu gani anatoa kauli halafu anaondoka kabla hajasikia majibu?

Palitokea ubishi. Fauzia alitaka tungoje, nyumba ina msiba, ngoma itapigwaje? Rukia hakubisha kwa mdomo. Aliichapa barua yako kwenye karatasi kazini kwake, akamwekea mama yake juu ya msala. Fauzia akaiweka mbele yake baada ya sala, na hajui kusoma herufi hizo za Kizungu, lakini jina lako analijua. Alipoinuka akasema ngoma hakuna, ndoa ipo. Kaka amesema asisubiriwe.

Ndoa imefungwa Ijumaa iliyopita, msikitini hapa hapa mtaani. Mchumba anaondoka wiki hii, Rukia atamfuata karatasi zikitoka, na ufunguo wa nyumba ameufunga kwenye kitambaa chake, hampi mtu. Kabla ya kufunga ndoa wazee waliuliza, kama inavyoulizwa, kama mjomba ana neno. Nikasimama mimi. Pale mbele walikuwapo baadhi ya wale wa jicho la upande. Nikasema mjomba ni mtu wa Mutsamudu, na neno lake hili hapa, nikalisoma kwa Kiswahili kama lilivyo, kisha nikalitafsiri kwa Kingazidja. Unajua miaka yote nimekuwa nikiwatafsiria watu maneno yako vibaya makusudi, ili uonekane mjinga. Safari hii sikuongeza wala sikupunguza. Nilisoma mpaka pale pa mzee mnyang'anyi. Watu wakacheka, na nikaona baadhi yao wanafuta macho, nami nikaikunja karatasi, nikakaa.

Lala salama, mkaidi. Nyumba ni yake.

Ni mimi, shemeji yako, mnyang'anyi wa dada yako,
Magoudjou, Moroni